Soya ya Konde: majani tele, maganda haba

SWALI: Assalaam aleikum, mtaalamu. Sisi ni ushirika wa kina mama wa Konde, Pemba. Tunafuga kuku wa mayai, na chakula cha kuku kinachovushwa kutoka bara kimetushinda bei, ndipo tukaamua kulima soya wenyewe. Mbegu tuliletewa na jamaa kutoka Songea. Masika iliyopita tulipanda nusu eka, ardhi ya kichanga, mahali palipokuwa na muhogo. Wiki ya nne ikawa njano. Tukatia urea kilo 25, ikageuka kijani. Ilipotaka kurudi njano tukatia kilo 25 nyingine. Majani yalipendeza mpaka wapita njia wakisimama, lakini maganda yalikuwa ya kuhesabu, na mengi yana punje moja. Wifi yangu naye alipanda kipande huko Maziwang'ombe, yake ilibaki njano mwanzo mpaka mwisho hata kwa urea. Ami yangu anasema nichote udongo wa shamba lake la kunde nimwage kwenye soya, kwa sababu kunde zake hazijawahi kuonja mbolea na zinazaa. Je, ni kweli? Na vuli hii tununue mbolea gani?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu, wewe na wenzako. Nitaanza na ami, kwa sababu kati yenu nyote ndiye aliyeusogelea ukweli zaidi.

Ami ameona sawasawa. Kunde, chooko, mbaazi na njugu mawe zimelimwa Pemba vizazi na vizazi bila urea na hazikudhoofika. Mizizini mwake huingia bakteria wa kundi la raizobia, mmea ukawajengea vinundu, na humo bakteria wakachukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Hewa tunayovuta ni asilimia 78 naitrojeni, lakini hakuna mmea unaoweza kuitumia hivyo ilivyo. Mmea huwalipa bakteria kwa sukari inayotoka majani. Mholanzi Beijerinck aliwatenga bakteria hawa mwaka 1888, na kabla havijatokea viwanda vya kuwafungasha, wakulima wa Ulaya na Marekani walifanya hilohilo analosema ami: walibeba udongo wa shamba lililozaa wakaumwaga kwenye shamba jipya.

Tatizo ni shamba analotaka uchote. Kunde hupokea bakteria wa aina nyingi, na hao wamejaa katika ardhi zetu. Soya ni mgeni. Asili yake ni Asia ya Mashariki, na upande wetu ilifika mwaka 1907 pale Amani, milima ya Usambara, enzi ya Wajerumani. Bakteria anayeelewana nayo zaidi, Bradyrhizobium japonicum, hakuja nayo kila ilikopelekwa, na shamba ambalo halijawahi kupandwa soya kwa kawaida halina bakteria huyo, au anao wachache mno. Kwa hiyo ukimwaga udongo wa kunde kwenye soya unaweza kupata vinundu vichache vilivyotawanyika, au usipate kitu. Udongo wa shamba la soya lililofanya vinundu vizuri ungekuwa na maana, ingawa hubeba pia minyoo ya mizizi na maradhi. Kwenu shamba hilo bado halipo. Itabidi mulianzishe.

Hapa muulizeni jamaa wa Songea jina la mbegu aliyowaletea. Aina za zamani kama Bossier huchagua sana bakteria. Wataalamu wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo kule Ibadan, Nigeria, walianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuzalisha aina zinazokubali bakteria wenyeji wa Afrika. Majina yake huanza na herufi TGx. Kama mbegu yenu ni ya ukoo huo, mna afadhali, ila hata hiyo mara nyingi huongeza mavuno ikipewa bakteria wake. Kuna na sababu nyingine ya kutaka jina. Soya hutoa maua kwa kufuata urefu wa usiku, na sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, ambako mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima. Mbegu iliyotengenezewa nchi za baridi ikiletwa huku hutoa maua ingali fupi, na hapo hakuna mbolea itakayoiokoa. Yenu ilirefuka ikafanya majani, kwa hiyo siishuku kwa hilo.

Sasa urea. Sitaki mujione mumefanya upuuzi, maana majani yaligeuka kijani na hiyo ni dalili kwamba njaa ilikuwa ya naitrojeni. Ila tufanye hesabu. Tani moja ya punje za soya huhitaji mmea uwe umekusanya naitrojeni kama kilo 80, kwa sababu punje yenyewe asilimia 40 hivi ni protini. Nusu eka ikizaa vizuri itoe kilo 400, naitrojeni inayotakiwa ni kilo 32. Urea ni asilimia 46 naitrojeni, kwa hiyo ni kilo 70 za urea ikiwa hakuna hata chembe iliyopotea. Kwenye kichanga, kwa mvua za masika za Pemba, mkipata nusu yake mizizini mshukuru. Tunazungumzia mifuko karibu mitatu ya kilo 50 kwa nusu eka, na hapo faida ya kuku imekwisha.

Halafu wakati. Soya huhitaji naitrojeni nyingi kuliko wakati wote inapojaza punje, na urea mliyotia ilikwishateremka na maji. Kinundu kinachofanya kazi hakiteremki na maji; kinaendelea kutoa mpaka punje zinakaribia kujaa. Na urea nyingi ya mapema ina dhara jingine: inauzuia mmea usijenge vinundu. Aliyekwisha shiba kwa jirani hatii chungu jikoni. Mmea unaoikuta naitrojeni tayari ardhini hautumii sukari yake kuwalisha bakteria. Nyinyi mlitia kilo 50 kwa nusu eka, hata kama palikuwa na bakteria wachache wa kubahatisha wasingefurukuta.

Kama mnadhani hii ni nadharia ya vitabuni, tazameni Brazili, nchi inayozalisha soya nyingi kuliko zote duniani. Ardhi zao nazo hazikuwa na bakteria wa soya. Wakawapeleka, wakachagua aina zinazostahimili joto na tindikali, na leo soya yao hulimwa karibu yote bila mbolea ya naitrojeni. Mama mmoja mtaalamu wa bakteria wa udongo, Johanna Döbereiner, ndiye aliyeisukuma njia hiyo wakati wengine wakihimiza mbolea ya naitrojeni, na mwaka 2025 Mbrazili mwingine wa fani hiyohiyo, Mariangela Hungria, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Lakini maganda yenye punje moja hayaelezwi na naitrojeni peke yake. Hapa nashuku fosforasi, na huenda potasiamu. Kazi ya kuivunja naitrojeni ya hewa inakula nguvu nyingi, na fosforasi ndiyo inayobeba nguvu hiyo ndani ya mmea na ndani ya kinundu. Ukileta bakteria bila fosforasi utapata vinundu vidogo vilivyodumaa. Ukitia fosforasi bila bakteria, mizizi itakua lakini naitrojeni itabaki haba vilevile. Watu wengi hununua kimoja, wakiona hakikuleta kitu wanasema soya haifai Pemba. Kuhusu potasiamu, mmeniambia palikuwa na muhogo. Muhogo ni mlafi wa potasiamu, na kichanga hakina akiba. Je, majani ya chini yalikuwa yakikauka pembezoni huku katikati yakibaki kijani? Kama ndiyo, hiyo ndiyo alama yake.

Kwa nusu eka yenu, basi: TSP, ambayo ni mbolea ya fosforasi, kilo 20. Kwa mistari iliyoachana sentimita 50, hiyo ni kama gramu 5 kwa kila mita ya mstari, yaani kizibo kimoja cha soda. Chimbeni kijifereji, mwage mbolea, mfukie kidogo, kisha mpande mbegu juu au pembeni yake, zisigusane. TSP ikikosekana madukani, DAP kwa kiasi hichohicho inafaa. Ina naitrojeni kidogo ya kuanzia, kiasi ambacho hakitawakera bakteria. NPK 17-17-17 siipendekezi kwa soya: mpaka upate fosforasi ya kutosha umekwishatia naitrojeni nyingi. Ongezeni kloridi ya potasiamu kilo 10, au majivu ya kuni mliyonayo, yakatandazwe shambani wiki mbili kabla. Urea iacheni dukani.

Najua mtaniuliza samadi ya kuku, maana mnayo. Ni nzuri na ina fosforasi, lakini ina naitrojeni nyingi vilevile, na mkiimwaga mbichi chini ya soya mtarudia kosa la urea kwa njia nyingine. Ipelekeni kwenye mchicha, mahindi au ndizi. Msimu unaofuata, soya ikipandwa hapohapo, itafaidi masalia yake. Huo mzunguko mimi naupenda kuliko mfuko wowote.

Kabla ya yote hayo ningependa mjue tindikali ya ardhi yenu. Kichanga kinachooshwa na mvua nyingi huelekea kuwa kichachu, na kipimo chake (pH) kikishuka chini ya 5.5 bakteria wa soya hupata tabu na madini ya molibdeni, ambayo kinundu hakifanyi kazi bila hayo, hujificha. Mpelekeeni bwana shamba wenu udongo: chota sehemu kumi za shamba, kina cha kiganja, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo, kausha kivulini. Ikithibitika kuwa ni chachu, chokaa ya tanuri ya kwetu inafaa, kilo 100 hadi 150 kwa nusu eka, ichanganywe na udongo mwezi mmoja kabla. Ni kali, isiguse mbegu wala bakteria. Mbolea ya Minjingu, fosfati ya mawe kutoka Manyara, nayo hufanya kazi kwenye ardhi chachu, kwa sababu tindikali ndiyo inayoiyeyusha, ila hutoa polepole kuliko TSP.

Hapo ndipo tunapoachana na wifi yako. Maziwang'ombe ni maweni, jiwe la matumbawe liko karibu, na ardhi ina chokaa tele ya asili. Achukue udongo mkavu kwenye kisahani, audondoshee siki au maji ya ndimu. Ukitoa povu, chokaa iko, na huenda manjano yake si njaa ya naitrojeni. Mwambie akumbuke: manjano yalianza majani gani? Njaa ya naitrojeni huanza majani ya chini, ya zamani, na jani lote hufifia. Kwenye ardhi ya chokaa mmea hushindwa kuchukua madini ya chuma, basi huanza majani machanga ya juu, yakawa njano huku mishipa ikibaki kijani. Soya inajulikana duniani kote kwa udhaifu huu. Urea haitibu hilo, na naitrojeni ya ziada inaweza kulizidisha. Minjingu kwake ni pesa ya kutupa, kwani haiyeyuki kwenye chokaa, na chokaa au majivu asiyasogeze. Dawa ya chuma ya kupulizia majani ipo, lakini kwa shamba la kulishia kuku hailipi. Ushauri wangu kwake ni mfupi: kwenye maweni apande mtama, mbaazi, kunde na muhogo, kama wazee walivyofanya, na soya ailime pamoja nanyi Konde.

Sasa bakteria wenyewe, kwa sababu hapa ndipo pesa ya watu inapopotelea. Wanauzwa kwa pakiti, mara nyingi wakiwa ndani ya unga mweusi wa mboji. Ni viumbe hai. Muuzaji wa mbolea amezoea mifuko inayoweza kukaa mwaka mzima chini ya bati. Pakiti hii ikikaa hivyo ni unga tu. Kabla ya kulipa someni mambo mawili: tarehe ya mwisho, na neno "soya". Pakiti ya maharage ina bakteria wengine kabisa, haitawasaidia. Mwulizeni muuzaji alikuwa akiihifadhi wapi. Safari ya kutoka bara mpaka Unguja, halafu mpaka Wete au Mkoani, ni ndefu kwa kitu kinachochukia joto. Mbebaji aiweke katikati ya nguo ndani ya begi, kivulini, asiiache sitahani wala karibu na injini. Ikifika, friji inafaa, friza haifai.

Kwa kawaida gramu 100 hutosha mbegu kilo 10 hadi 15, na nusu eka yenu huchukua mbegu kilo 10 hadi 12, kwa hiyo pakiti moja inawatosha. Lakini maandishi ya pakiti ndiyo hakimu. Kazi ifanywe asubuhi ya siku ya kupanda, ndani ya nyumba au chini ya mwembe, ardhi ikiwa tayari na unyevu. Mimina mbegu kwenye beseni. Koroga vijiko viwili vya sukari katika robo lita ya maji ya kisima au ya mvua. Ya bomba yaliyotiwa dawa yanaua bakteria. Nyunyiza kidogo kidogo mpaka mbegu zing'ae, zisirowe, kwani ngozi ya soya ikirowa hujikunja na kuchubuka. Kisha mwaga unga, geuza taratibu kwa mikono mpaka kila punje ivae weusi. Ziache dakika chache zikauke kivulini, mkapande. Mbegu zifunikwe kanga njiani, na shambani mwenye kuzidondosha afuatwe mgongoni na mwenye kufukia. Punje iliyokaa wazi kwenye jua kwa muda wa kwenda kuswali adhuhuri imepoteza bakteria wengi. Kina sentimita 3, punje hadi punje sentimita 5 mpaka 10. Mbegu zilizopakwa dawa ya kuua ukungu zisitumike, labda pakiti yenyewe iseme inavumilia.

Madukani mtakutana pia na chupa za "mbolea hai" zinazodai kuyeyusha fosforasi, kukuza mizizi na kufukuza wadudu, zote kwa pamoja. Bakteria wa namna hiyo wapo kweli, na Wabrazili huchanganya Azospirillum na bakteria wa soya kwa faida. Lakini chupa isiyotaja jina la kiumbe, idadi yake wala tarehe, mimi singetoa senti.

Nawaomba msilime nusu eka yote kwa namna moja. Tengeni vipande vinne vidogo, mistari mitano mitano: kisichopewa kitu, chenye TSP tu, chenye bakteria tu, chenye vyote viwili. Visivyo na bakteria viwe upande wa juu wa mteremko, maana maji ya mvua huwabeba wakashuka, na mvipande kwanza, kabla mikono haijashika unga. Msimu mmoja utawaambia shamba lenu linadai nini, kwa uhakika kuliko mimi niliye mbali.

Jambo la mbegu nisilipite. Punje ya soya ina mafuta, na kwa joto na unyevu wa kwetu hufa mapema. Miezi michache ndani ya gunia la wazi inatosha kuiharibu. Zile mlizobakiza za masika, panda punje 50 kwenye mchanga sasa hivi. Zikiota chini ya 35, tafuteni nyingine. Ndiyo maana pia napendelea mbegu ya masika ipandwe vuli ileile, isingojee mwaka. Vuli ina faida ya pili: mkipanda Oktoba mvua zikianza, mnavuna jua la kaskazi likiwa limetanda, maganda yanakauka vizuri. Palilieni wiki ya pili au ya tatu, kisha ya tano, juu juu, msikate mizizi. Na kuku wasipewe soya mbichi hata siku moja. Ina vitu vinavyozuia protini isisagike tumboni. Ikaangwe au ichemshwe kwanza.

Inapoanza kutoa maua, kati ya wiki ya tano na ya saba, chimbueni miche kumi kwa jembe, pande zote na donge lake. Msiing'oe kwa kuvuta, vinundu hubaki chini. Suuzeni mizizi ndani ya ndoo. Vinundu vikubwa vilivyokaa karibu na mzizi mkuu, vikipasuliwa kwa ukucha vikaonyesha wekundu au uwaridi, hao wanafanya kazi, basi msitie kitu tena. Vikiwa vyeupe ndani bado havijakomaa au havifai. Subirini wiki moja mpime tena. Vikiwa vya kijani au kijivu, vimekwisha.

Na msipokuta kinundu hata kimoja wiki ya saba, na majani ya chini yakawa njano, hapo urea ina kazi halali: kilo 15 kwa nusu eka, kando ya mstari, siku yenye mvua ya kiasi, ifukiwe palepale. Mtaokoa sehemu ya mavuno. Pakiti iliyowaangusha, andikeni jina lake, namba ya toleo na duka, mumpe bwana shamba, kisha msimu ujao mnunue kwingine.